Jina la Babu Nililolifunika kwa Saruji

Marodoka, kisiwa cha Nosy Be, Madagaska

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu, nikitumaini imepungua kuvimba na unaketi barazani pako hapo mtaani Ampisikina, Mahajanga. Mimi mzima wa mwili. Dada Zaina, wewe unayemsomea Mama, usiruke hata neno.

Kazi ya uashi ipo. Majumba mengi ya mawe ya wafanyabiashara wa zamani yamebaki kuta tupu, miti imeota sebuleni. Machache yana watu. Mjane mmoja wa Kingazija, tunamwita Koko kama bibi yetu, alinipa kazi ya kupiga lipu ukuta wa mbele wa nyumba yake. Juu ya mlango palikuwa na herufi za Kiarabu zimechongwa kwenye chokaa. Niliona haya kumwuliza zinasema nini, mtu mzima nimevaa kofia. Saruji ilikuwa inaanza kuganda, nami nikazifunika.

Koko aliporudi kutoka sokoni akasimama mbele ya ukuta.

"Fundi, jina liko wapi?"

"Jina gani, Koko?"

"La Fundi Hamadi wa Mahajanga, aliyeijenga. Nilijua Mwislamu mwenzangu atalisoma, atalikwepa."

Mama, ni baba yako. Ndiyo ile nyumba uliyotuhadithia tangu tukiwa wadogo.

Sasa nikwambie kweli. Ile siku mliyonipikia pilau kwa kuhitimu chuo cha Kurani, nilisema kwa kichwa sura nilizozisikia kwa wenzangu. Herufi sizijui. Ulipouliza mbona sikuandikii kwa herufi zako za Kiarabu uzisome mwenyewe, nilisingizia kalamu. Naona aibu.

Nilijaribu kuibandua lipu kwa tindo, chokaa ikatoka nayo. Imebaki herufi moja na nusu. Koko hakunigombeza, alisema tu, "Lirudishe." Tangu hapo haniiti fundi.

Nisalimie shangazi wa Tsaramandroso aliyenishonea ile kofia, na shemeji, mume wa Zaina, nikimwombea gari lake lipate vipuri.

Nakuomba kitu kimoja. Chukua karatasi kubwa, uandike jina la babu kwa mkono wako, kama alivyokuwa akiliandika yeye. Nitaibandika ukutani nifuatishe kila mstari. Na pembeni, Mama, niwekee alama ya kunionyesha juu ni wapi, nisije nikalichonga kichwa chini.

Mwanao uliyemsifu bure,
Selemani