Mama, Sikumchagua Nafula

Mama yangu mpendwa,

Kabla hujauliza, ndiyo, ni mimi niliyemliza Nafula. Nakujua. Ungekuwa hapa ungeshanisimamia mkono kiunoni, ukitaka kujua mtoto wako mdogo amekosa nini hata akaaibishwa mbele ya watu. Hajakosa chochote. Ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu angekuwa amekosa ningejua la kumwambia.

Unaukumbuka ule mchezo wangu uliouita mchezo wa kunyang'anyana matambara? Sijauacha. Goti lilikataa nisiucheze tena, basi sasa nafundisha. Timu ni ya wasichana, na tunafanyia mazoezi kwenye uwanja wa vumbi hapa Kawangware, karibu na nyumba tuliyopanga Gatina. Vitambaa vya kiunoni nimevishona mwenyewe kwa mabaki ya mapazia ninayopewa kazini, kwa hiyo tunakimbizana na maua ya sebule za watu. Mpira ni ule ule wenye umbo la yai, unashikwa kwa mikono, na ukinyofolewa kitambaa umesimamishwa. Nakueleza upya kwa sababu nilikueleza mara nyingi ukiwa hai, na kila mara ulitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa kabisa, kisha ukaniuliza goli liko wapi.

Ulikuja kunitazama mara moja tu, pale karibu na mtaa wa Olympic, kwenye uwanja wenye nyasi. Ulikuwa umetoka kanisani, na mwavuli wako. Msichana wa timu ya pili aliponinyofoa kitambaa, uliingia uwanjani moja kwa moja. "Wewe! Hizo nguo ulimnunulia wewe?" Refa alipuliza filimbi, wewe ukamwambia apulize tu, yeye si polisi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sasa nikipita pale huwa nacheka peke yangu njiani, na watu wananitazama.

Haya, nikuambie kilichotokea.

Katika timu kuna mchezaji tunayemwita mbebaji. Huyo anakabidhiwa mpira mkononi, halafu anatafuta njia katikati ya mabeki. Wenzake hukimbia huku na huku ili kuwavuta mabeki kando, mwanya ufunguke, naye apite. Mbebaji wetu aliolewa akahamia Nakuru, na mashindano ni mwezi huu. Wakabaki wawili wa kugombea nafasi hiyo: Nafula, na msichana mmoja wa Kitui anayeitwa Mwende, ambaye huuza mboga na mamake hapo barabarani.

Nafula ana mbio, mama. Sijui ulikula nini ulipokuwa na mimba yake. Akishapata nafasi wazi hakuna wa kumshika, na anajua, maana huwa anageuka nyuma kidogo kuwacheka waliobaki. Majaribio ya kwanza tuliyafanya kwenye nyasi za Olympic, kwa kuwa uwanja wetu ulikuwa na mkutano wa injili. Kule ni tambarare na hakuna anayekatiza. Nafula aliwakimbia wote. Msaidizi wangu Otieno, ambaye kwa kawaida hasifu mtu, alivua kofia. "Kocha, hii imeisha. Andika jina la huyu dem twende nyumbani."

Sikuandika. Nilisema turudie kwetu, kwa sababu kwetu ndiko mechi zitakakochezwa.

Uwanja wetu una njia ya miguu inayoukata katikati, na hiyo njia ilikuwepo kabla ya uwanja. Kwa hiyo ni sisi tunaowapisha wapita njia. Anayetoka kazini anapita, mwenye mkokoteni anapita, bodaboda anapita akipiga honi kama sisi ndio tumekosea. Mchezo hausimami. Ukitaka kucheza Kawangware sharti ujifunze kucheza kukiwa na watu. Wageni hukasirika sana na refa hana la kuwasaidia.

Siku hiyo Nafula alikabidhiwa mpira akafyatuka. Wenzake hawakuwa hata wamefika mahali pao. Alifika penye mwanya kabla mwanya haujakuwepo, akamkuta beki amesimama, akakata kona kwa kasi akamparamia mzee mmoja aliyekuwa akipita na godoro kichwani. Wote wawili waliangukia godoro, namshukuru Mungu. Mzee aliinuka akatuuliza kama hatuna wazazi. Mara ya pili Nafula alifanya vile vile, bila mzee. Mara ya tatu pia.

Mwende alipopewa mpira alichukua hatua mbili, akatulia. Nilidhani amesahau la kufanya. Otieno akapiga kelele, "Manze, songa!" Wakati huo kulikuwa na mama anavuka na gunia la sukuma wiki mgongoni, anatembea zake polepole. Mwende akaenda naye sambamba, amejibanza upande wa pili wa gunia, mabeki wanamtafuta. Gunia lilipovuka, msichana alikuwa ameshapita na vitambaa vyake vyote viwili viko kiunoni. Wala hakukimbia sana.

Mama, hapo nilikuona wewe.

Nilikuona kule Soweto West tulikokuwa tukiishi zamani, tukitoka kununua maji. Mimi niko nyuma na kidumu changu, wewe mtungi uko kichwani, Nafula yuko mgongoni. Vile vichochoro mtu mmoja akikunja kiwiko anamgonga jirani. Juu kamba za nguo, chini mtaro, mbele watoto, mara mtu anatokea na kitanda. Kina mama wengine walikuwa wanapita kwa nguvu, wanamwaga maji, wanatukanana, wanafika nyumbani na nusu. Wewe ulikuwa unasimama. Mimi naumia mkono na kidumu, nakuvuta leso, twende mama, na wewe unasema tu, "Ngoja, itafunguka." Kweli ikafunguka. Unaingiza bega, unageuza nyonga, unainamia kamba ya nguo bila kuangalia, na tunafika mlangoni mtungi umejaa na leso yako kavu. Nilifikiri kila mtu anaweza, mpaka nilipojaribu mwenyewe nikalowa hadi kwenye viatu.

Mimi nilijifunza kwa kukufuata nyuma. Nafula alikuwa mgongoni, amelala. Hakuona hata siku moja.

Basi huo ndio ukocha wangu wote, mama, wala sikuusomea popote. Wengine wakichagua mbebaji wanaangalia miguu. Wanataka mwenye mbio, kisha wanashangaa mbona mbio zake zinaishia kwenye kifua cha beki. Wengine wanataka mwenye mwili, na huu si mchezo wa kusukumana, hata kufunika kitambaa kwa mkono ni kosa. Mimi nataka yule anayeweza kungoja akiwa na mzigo. Awe na subira ya kuwaachia wenzake wafanye kazi yao, halafu mwanya ukionekana asiulize mara mbili. Mbio ni nzuri, nani anakataa? Lakini mbio ni za baada ya mlango kufunguliwa.

Otieno alinipinga, na hakunipinga kijinga. "Kungoja kunafundishwa, kocha. Mbio mtu huzaliwa nazo." Ningekubaliana naye kama nisingekuwa nimeishi na huyo mwanafunzi. Mwaka mzima nimemfundisha Nafula kungoja. Nimemshika jezi kwa nyuma nikimwambia bado, bado, bado, na nikiachilia anaruka kabla ya wakati. Hata chai hangoji ipoe. Kila asubuhi anaungua ulimi, na kila asubuhi anashangaa.

Kwa hiyo kichwani nilishajua. Moyo ndio uliokataa, kwa sababu ya ile siku wodini ulipomtuma Nafula akuletee maji, na alipotoka ukanishika mkono ukaniambia, "Huyu nimekuachia wewe." Hukusema mengine, na mimi sikuuliza, nilidhani utarudi nyumbani tutayazungumza. Tangu tukuzike Bungoma nimeyabeba maneno hayo kila mahali. Nikimnunulia viatu nayasikia. Nikimgombeza nayasikia. Sasa ningesimama vipi mbele ya timu niseme huyu niliyeachiwa hatoshi?

Upande wa pili yuko Mwende, naye ana mama. Ningempa Nafula nafasi hiyo, hakuna ambaye angeshangaa. Wangesema damu nzito kuliko maji, timu ni ya Nekesa na mdogo wake, watu wa Kitui wapeleke mboga zao sokoni. Na Mwende angenyamaza, kwa maana ndivyo alivyo, angeendelea kuja mazoezini na kukaa benchi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba asingelalamika.

Jumamosi nilitangaza. Nilisema, "Mbebaji ni Mwende," nikatazama viatu vyangu. Nafula alipiga makofi pamoja na wengine. Alipiga kwa nguvu kuliko wote, mama, na machozi yanamtoka, akasema ni vumbi.

Nyumbani akaanza kuniita kocha. "Kocha, karibu mezani." "Kocha, umeona chaja yangu?" Ananipikia ugali na mrenda, ananipakulia kwanza mimi, kisha anakula akiwa ameangalia ukuta. Sijawahi kuheshimiwa hivyo katika nyumba yangu na sitaki tena. Ningependa anitukane. Wewe ulikuwa unajua kutuamua, unatukalisha kitanda kimoja na hakuna kutoka mpaka mtu mmoja acheke. Mimi nitamkalisha nani, na ugomvi ni wangu?

Jumapili ya wiki iliyofuata ikafika zamu yangu ya kusukwa. Unajua siku hizi Nafula anafanya kazi saluni, na nywele zangu ni zake, hata tukikosana vipi hakuna mwingine anayeruhusiwa kuzigusa. Nikaketi chini kwenye mkeka, yeye kwenye kigoda nyuma yangu. Alinivuta nikaona nyota mchana. Sikulia wala sikuomba msamaha, maana hilo la pili lingekuwa uongo. Alisuka upande mzima.

Halafu akaniuliza, "Sista, nikuulize kitu?"

Tangu nitangaze hakuwa ameniita sista. "Uliza."

"Lakini usinijibu kama kocha."

"Uliza basi."

"Mathe angekuwa hai, angechagua nani?"

Nilikuwa na jibu, mama. Nilikuwa nimelitayarisha wiki nzima. Ningemweleza vichochoro, mtungi, leso kavu, ningemwambia Mwende anabeba mpira kama wewe ulivyobeba maji, na kwamba wewe mwenyewe ungeniambia chukua huyo. Ni jibu zuri, lingenitoa lawamani kabisa. Nilifungua mdomo nilitoe nikaona ni uongo. Wewe? Wewe umwache Nafula umchukue mtoto wa mtu?

"Wewe," nikamwambia. "Angekuchagua wewe. Hata mazoezi hangekuja kutazama."

Mikono yake ikasimama kichwani mwangu.

"Hata vile nilimwangukia yule mzee?"

"Angemuuliza mzee godoro lilikuwa linafanya nini pale."

Alicheka, kisha kicheko kikageuka, na nikasikia kitu cha moto kinanidondokea utosini, pale alipokuwa amegawa mstari. Sikugeuka. Nilimwacha alie.

"Basi sawa," alisema baadaye, akaanza kusuka tena, sasa kwa mkono mwepesi. "Mwende acheze. Ni mkali, hata mimi naona. Nilitaka tu kujua kama kuna mtu angenichagua bila kutazama."

Mama, nimejifunza kutazama, na nadhani ninaijua kazi hiyo. Nitaendelea kuwachagua watoto wa watu kwa kuwatazama, kwa haki, hata ikiniuma nyumbani. Lakini yule wa kumchagua Nafula bila kutazama alikuwa wewe, na sasa naelewa wodini ulikuwa unaniachia kazi gani.

Pumzika, mama. Tunakupenda sote wawili.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Nekesa