Mwanga Tulioukalia

Embu, Jumamosi

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikiomba baridi ya Runyenjes isikuingie kifuani hapo mlipoketi juu ya kifuniko cha shimo la kebo ya mawasiliano. Mimi ni mzima wa mwili pekee. Simu za huko hazishiki, ndiyo maana barua hii anakuletea Shueib wa lori la mbao.

Nimesikia Mhandisi Oscar wa kampuni ya kebo alirudi kuwabembeleza muondoke, na mwenzenu Wambeti akamwambia aende akambembeleze bibi yake. Nimesikia pia ulivyomuuliza: ikiwa ndani ya uzi mmoja wa kioo hupita rangi nyingi za mwanga, kila rangi na mawasiliano yake, shule yetu inanyimwaje hata moja? Nilijivuna, Mama. Waling'oa kahawa yetu wapitishe kebo, kisha wakatunyima kichujio kidogo cha kututolea rangi yetu! Dai hilo lilikuwa la haki. Hata leo ni la haki.

Lakini ni mimi niliyewaketisha hapo. Maji yalipoharibu kifaa kinachozitenganisha rangi hizo, kilicho humo shimoni, nilipanda juu ya meza sokoni nikaapa kwamba mkiwazuia mafundi, itakayozimika ni rangi ya kampuni tu. Simu za hospitali zingepita njia nyingine. Nani aliniambia? Hakuna. Nilichukua nadharia ya darasani chuoni Nchiru, nikaijazia ghadhabu. Njia nyingine haipo. Rangi zote zimezimika chini yenu.

Nilikuwa Kiambere kwa dada Gladwell, nikiwahamasisha watu wa huko nao waketi, uchungu wa kuzaa ulipomshika dada kabla ya wakati. Muuguzi alipiga simu ya kuita ambulensi, isipite, hadi akalia. Dada alinitania kwamba sasa niwahutubie wakunga. Shueib ndiye aliyetuleta Embu kwa lori lake, tukiwa tumechelewa.

Mama, mtoto hakupona. Gladwell yu hai, ila hana nguvu, na mumewe yuko mbali, hajui lolote. Siwezi kuondoka kando yake. Kule Kiambere tumeacha wajawazito wengine wawili, na simu ni ile ile iliyokufa.

Inuka, maitu, mama yangu. Mwache Oscar afungue kifuniko atengeneze. Wenzako wakikuita msaliti, wasomee barua hii yote, na jina langu ulitaje kwa sauti.

Nisalimie Wambeti na wote mlioketi nao, kisha uje. Gladwell hajalia bado. Anasema anakungoja wewe.

Mwanao,
Njagi