Skwea na Bikari za Fundi Otieno

Jumamosi jioni, Sosiot

Sasa wananiogopa mimi.

Leo kamati ya ujenzi wa kanisa ilitaka kumfukuza Fundi Otieno, na kuta zimefika kwenye madirisha. Kosa lake? Amechora skwea na bikari, vifaa vya kupimia pembe na kuchorea duara, kwenye sanduku lake la vifaa, na Mama Cherono aliona alama hiyo hiyo kwenye video ya simu. "Huyu ni Frimasoni! Atatujengea shetani ndani ya ukuta!"

Nikasimama. Nikawaambia nilichosoma: ni Frimasoni walioazima vifaa vya waashi, hata aproni. Na loji, hilo jina la kutisha la ukumbi wao, zamani ilikuwa kibanda cha mafundi kando ya jengo, cha kuwekea vifaa na kulia chakula.

"Kama kile cha Otieno cha kupikia ugali," nikasema. Wakacheka. Otieno akabaki na kazi.

Ningenyamaza hapo. Lakini utamu ulinizidi, nikaongeza kwamba Frimasoni hutambuana kwa namna ya kushikana mikono.



"Na wewe, Baba Kiprono," mchungaji akauliza polepole, "haya yote umeyajulia wapi?"

Kwetu mtu haondoki mkutanoni bila kusalimia kila mkono. Leo walinipungia kwa mbali, hata binamu yangu. Ni Otieno tu aliyekuja kunipa mkono, ukiwa bado na saruji.

Naungama: niliangalia kwanza kama kuna anayetuona. Halafu nikachunguza kidole gumba chake kimekaa wapi.