Video ya Zahanati ya Mashewa

Mama, shikamoo.

Nimefika salama kwa kaka Hiza huku Mashewa, ila mvua haikatiki. Kumbe mwezi uliopita alirekodi zahanati yao isiyo na dawa, akairusha video mtandaoni. Akaitwa ofisi ya wilaya, akaamriwa aifute na kuomba radhi kwa barua.

"Niliandika kwamba nilidanganya, Zaina," ameniambia.

Hakudanganya, Mama. Leo nimepita pale, hata dawa ya homa hakuna.

Mchana wifi alipakua makande. Nilipotoa simu nikupigie picha, akaiziba kwa kiganja. "Wifi, humu ndani picha basi." Hiza wako, uliyezoea kumkanya aache maneno mengi wakati wa kula, alikula kimya mpaka mwisho.

Muombee. Nawe jifunike vizuri, kifua kisikusumbue.

Mwanao akupendaye,
Zaina