Shimo Kati ya Sita na Saba

Ni mwaka mmoja sasa, baba watoto, tangu ulipoviacha mlangoni viatu vyako vyenye vumbi la chaki, na Mungu akakuita peku.

Uliwafundisha watoto wa darasa la awali kuhesabu kwa miguu. Ulichora namba sakafuni, moja mlangoni, kumi dirishani, nao wakaziruka wakizitaja. Mwalimu mkuu alikuuliza, "Hawa ni wanafunzi au vyura?" Ukamjibu, "Vyura wanaojua hesabu."

Kati ya sita na saba saruji ilikuwa imebomoka, pana shimo. Ukawaambia, "Hapa vuta pumzi, kisha ruka." Ndiyo maana wanafunzi wako wote, hata wakihesabu vijiko, hunyamaza kidogo baada ya sita, na visigino vyao huinuka.

Mimi ulinijaribu jikoni. "Ruka, mama watoto." Nikasema, "Mzee wewe, utanivunja nyonga." Nikaruka, na mwiko mkononi.

Ulipoondoka, kitinda mimba wa binti yetu alikuwa akifika sita anakaa chini. Mwalimu mpya akaniita. "Bibi, asipofika kumi atarudia darasa." Nikamuuliza mtoto kulikoni. Akasema, "Pale babu ndiye hunishika mkono."

Shimo lilikwisha kuzibwa, lakini yeye alikuwa bado analiona. Basi nikaenda darasani kwako. Nikavua viatu, nikasali kimoyomoyo, nikasimama pale pa shimo, nikamnyooshea mkono.

"Bibi, hutaanguka?"

"Tukianguka, tumeanguka wote."

Tukavuta pumzi. Sijui tulikaa hewani muda gani; niliona vumbi la chaki likielea kwenye mwanga wa dirisha, kama vile lilivyokuwa likielea begani kwako. Kisha akasema, "Saba." Akaniachia. Nane, tisa, kumi alikwenda peke yake, akagusa ukuta na kucheka. Amevuka darasa.

Nami nilibaki nimenyoosha mkono. Ulikuwa na joto, na mkono wangu wa pili nao ulikuwa kama umeshikwa.

Siku hizi alfajiri, nikimaliza sala, nasikia visigino vidogo vya mjukuu wetu vikitua sakafuni nyuma yangu, kimoja kimoja. Sigeuki. Nahesabu navyo.

Unakumbukwa nami mkeo, binti yetu muuguzi, mwanao fundi seremala, mkwe wako, wajukuu watano, na vyura wako wote wanaojua hesabu.

Pumzika kwa amani. Daima tutakukumbuka, na zaidi kati ya sita na saba.