Fremu za Juu ya Jiko

Kinango, 4 Septemba 2022

Mwanangu Jumwa, huko Gazi,

Nina miaka themanini na tatu. Nimeishi kuliko ndugu zangu sita, kuliko mamako, kuliko ng'ombe wote niliowachunga, na ukame huu nao nitauzika. U mzima? Mimi mzima kuliko wewe.

Simu yako siitaki, inakatika kabla sijamaliza kukusema. Nasikia unafundisha watu kufuga nyuki huko mikokoni, wewe uliyekuwa ukikimbia nzi. Nyuki wangu wana njaa, ua hakuna, nawe waniagiza niwape maji ya sukari kama wageni wa matanga. Mimi nina fremu nane zimejaa asali, ziko uchagani juu ya jiko tangu mwaka jana. Moshi umezilinda, nondo hajagusa hata moja. Wiki hii nazitandaza uani, mizinga yote miwili ijilie.

Babako

Gazi, 6 Septemba

Shikamoo baba,

Afya yako naona ni njema, maana matusi hayajapungua. Sisi hatujambo.

Fremu zako ni bora kuliko sukari yangu, nakiri. Lakini usizitandaze uani, nakuomba. Mzinga mkubwa utazimaliza, kisha utaingia kuupora ule mdogo, na ule ni wa mama, ndio pekee uliobaki wa mkono wake. Jua likizama, kwaruza vifuniko vya nta, uingize fremu ndani ya mzinga wa mama, kisha uzibe mlango kwa nyasi, ubaki upenyo wa nyuki wawili tu.

Mwanao, Jumwa

Kinango, 21 Septemba

Jumwa,

Hujambo. Barua yako ilichelewa. Nilikwisha kutandaza sita. Mzinga mkubwa ulizikomba kwa siku mbili, kisha ukauvamia wa mamako. Maiti zililala mlangoni kama pumba, wakabaki nyuki wa kujaza kofia. Jogoo naye akaumwa akafa, lakini yule hakuwa na akili.

Usidhani nilishituka. Fremu mbili nilikuwa nimezibakiza, maana mimi si mjinga. Jua lilipozama nikazikwaruza nta, nikazipachika ndani kwa mamako, mlango nikauziba kwa nyasi. Mambo hayo niliyajua kabla hujazaliwa. Leo nyuki wanatoka na kuingia, na ngurumo yao naisikia nikiwa nimekaa barazani. Waambie wanafunzi wako waje Kinango wafundishwe na mwenyewe.

Kama husadiki, muulize Mwanaima, mke wa jirani. Alisimama nami pale mzingani mwanzo hadi mwisho, barua yako mkononi, akinisomea pale penye nyasi mara tatu.

Babako