Mota ya rejeta na debe la Mama

Jumamosi, kijijini Mamba. Ukungu umekaa tangu asubuhi, nguo nilizoanika jana bado mbichi, na mimi natabasamu peke yangu jikoni kama mwehu.

Imekubali!

Kikundi cha akina mama wanaokausha tangawizi kina sharti moja gumu: kila mwanachama akate debe lake la tangawizi kwa mkono wake. Hakuna kutuma binti, hakuna kuomba jirani. Mama yangu amelitimiza miaka yote, lakini tangu masika vidole vyake vimekakamaa na kisu kinamponyoka.

Mimi ni fundi redio Same mjini. Nikajiambia hili haliwezi kunishinda. Nikachomoa mota ya feni ya rejeta kwenye gari bovu, nikaifungia sahani ya chuma yenye wembe, nikaiunga kwenye betri ya sola. Ilizunguka kwa hasira, vipande vikaruka hadi ukutani. Nikaipunguzia mwendo kwa kupitisha umeme kwenye waya wa jiko la umeme lililoungua. Ikatulia. Nikaijaribu kwa mihogo, ikakata safi, nikaanza kujiita injinia.

Mihogo! Mzaliwa wa Mamba, kwenye tangawizi tele, eti najaribu mashine ya tangawizi kwa mihogo.

Jumamosi iliyopita, mbele ya kikundi kizima, tangawizi mbichi yenye nyuzi iligusa wembe na mota ikasimama kabisa. Ule waya ukawa mwekundu. Mama hakunilaumu. Alichukua kisu chake, akamaliza wa mwisho, akasema macho yanamwasha kwa tangawizi. Nilijua analia. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba akichelewa tena wiki ijayo, ampishe mwingine.

Sikulala vizuri wiki hii. Kosa lilikuwa langu: waya ule unaibana mota, na ikikutana na kazi ngumu unaibana zaidi. Umeme haukutakiwa kubanwa, ulitakiwa kukatwakatwa. Uupe wote, uukate, uupe tena, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja. Mota inakwenda polepole, lakini kila inapopewa, inapewa nguvu kamili. Nikaunda saketi ndogo yenye transista, nikaweka kifundo kikubwa cha sauti cha redio ya zamani ili Mama akizungushe kwa kiganja.

Leo nikawaamkia wote shikamoo, nikakaa nyuma, mikono mapajani. Mama akaketi, akazungusha kifundo, akasukuma tangawizi.

Mota ikaguna. Haikusimama.

Vipande vilianguka vyembamba, vinavyolingana, na debe lake likajaa wenzake wakiwa hawajafika nusu. Mmoja akanung'unika kwamba huko si kukata kwa mkono. Mwenyekiti akautazama mkono wa Mama uliojaa maji ya tangawizi.

“Huu mkono ni wa nani, kama si wake?”

Yakaisha hapo. Kabla ya adhuhuri wanawake watatu walikuwa wananiuliza kama magari mabovu bado yapo huko Same. Nimejidai sana, sifichi. Nimestahili.

Tukiwa njiani kurudi, Mama alitoa kisu chake kwenye kanga, akanikabidhi.

“Kamenyee viazi huko mjini.”

Nikakipokea, nikageukia upande wa bonde. Macho yaliniwasha, na leo sikuwa nimegusa tangawizi hata kipande kimoja.